Santuri ya Chemutai

Tukielekea Mulot kwa matatu, kijana wa mbele yangu alikuwa amepakata santuri za zamani. Mama wa kando yake akauliza ni za nini.

"Ni muziki wa soul, mama. Kampuni ndogo ya Kericho ilirekodi, ikakufa. Huyu mwimbaji Chemutai hakuna mtu anamjua."

"Ni dada yangu. Alikufa akizaa. Santuri yetu tuliikunja kwa maji moto, ikakuwa bakuli ya vitunguu."

"Ai, mama! Si mngeweka?"

"Tucheze na nini? Gramafoni tuliuza ndio tumzike."

Wakubwa wa redio ndio wangeziweka, lakini hao wanajali matumbo yao tu. Mimi, sauti ya marehemu mke wangu haiko popote.

"Basi niwekee nisikie," mama akasema.

"Mashine iko Nairobi, mama."

Gari likasimama. Makanga alipiga mlango mara mbili ili mama ashuke, na yeye bado anapitisha kidole kwenye mistari ya santuri, polepole.