Kifurushi Tulichokipa Jina

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Wazee wangu, shikamooni. Nimesimama hapa na aibu na furaha pamoja, nivumilieni.

Mimi ni mzaliwa wa Ukata, napakia makaa ya mawe kwenye malori kule Ngaka. Mke wangu ni Klotilda, binti wa wavuvi wa Lituhi. Miaka minane tulikaa bila mtoto. Na mimi, ndugu zangu, nilimtangaza mke wangu kuwa mgumba. Kilabuni, msibani, mbele ya mama yangu mzazi! Nipimwe mimi? Mwanaume ninayeshinda na koleo kutwa nzima? Sikuwaza kabisa.

Mama akatupeleka kwa mganga mmoja kando ya ziwa. Akatupa kitu kimefungwa kwa kitambaa cheupe, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko.

"Mtoto wenu amekwama majini," akasema. "Hiki ni kivuli chake. Mpeni jina, mlale naye, msimfungue."

Tukampa jina. Silitaji hapa.

Mwezi wa kwanza tulicheka. Mwezi wa pili Klotilda akaacha kucheka, akawa anatembea ndani kwa kunyata. Mimi nami, asubuhi ukungu ukishuka shambani, nikawa nasikia mtoto anakohoa kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya mahindi. Nikienda kutazama, hakuna kitu. Majani yanatikisika, na upepo hakuna.

Siku moja nikarudi kutoka kazini mchana. Nyumba kimya. Nikamkuta mke wangu mkekani, amekipakata kile kifurushi, anakilisha uji kwa kijiko. Kitambaa kimelowa chapachapa. Akaweka kidole mdomoni, akaniita baba wa lile jina.

"Taratibu," akasema. "Ndiyo kwanza anasinzia."

Nikakigusa. Kilikuwa cha moto, ndugu zangu, kama mtu mwenye homa! Nikalia, "Yesu wangu, nimemfanya nini mke wangu?"

Nikakimbia kwa mchungaji, akaja na mkewe. Wakaomba, kisha tukakifungua. Magamba ya samaki, na nywele laini za mtoto mchanga. Za nani? Mpaka leo sijui. Tukavichoma vyote.

Mchungaji akanishika bega. "Klotilda tutampeleka hospitali, ameumia moyoni, atatibiwa. Na wewe, mwanangu, umepimwa?"

Kesho yake nikaenda hospitali.

Nikapimwa. Mbegu hakuna, hata moja! Daktari akasema korodani zangu zinatengeneza mbegu, ila njia imeziba. Zinaweza kuvutwa kwa sindano, kila yai la mke wangu likadungwa mbegu moja ndani ya maabara, kisha kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kikawekwa tumboni mwake. Tukangoja mpaka Klotilda akapona vizuri. Akaniambia, "Sasa niko tayari, twende." Tukauza shamba la kahawa, tukaenda Dar es Salaam.

Mara ya kwanza mimba haikushika. Tulilia. Mara ya pili daktari akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta kitu kidogo, duara, kinang'aa. "Huyo ana siku tano," akasema. Ndugu zangu, mtoto yuko chumba cha pili, na mama yake amekaa pembeni yangu! Lakini hapo niliomba, sikuogopa.

Binti yetu ndiye huyo anayewavuruga hapo mbele, anataka kipaza sauti.

Klotilda, mke wangu, simama. Ndugu zangu, mtazameni. Hakuwa mgumba hata siku moja. Nilisema uongo mbele za watu, na mbele za watu naufuta. Nisamehe, mke wangu.

Namshukuru Mungu, aliyetutoa kule na akawapa madaktari maarifa. Mwanaume mwenye shida kama yangu, mtumaini yeye. Usinyooshe mkono hapa, najua inavyouma. Njoo nyumbani kwangu kimyakimya. Tutaenda hospitali wawili, na nitakaa na wewe kwenye benchi mpaka waite jina lako.