Stefano Mrope, Fundi Aliyeifuata Ngoma Kitaya

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Bwana Stefano Mrope, fundi wa sauti wa Ukumbi wa Nanyanje hapa Chikongola, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Uongozi uliniomba niandike wasifu wake kwa niaba ya wafanyakazi wote. Nilikubali kabla hawajamaliza kuniomba, na wanaojua kwamba niliolewa Aprili mwaka huu huenda wameshakisia sababu.

Bwana Stefano ni Mmakua wa Masasi. Alikuja Mtwara akiwa kijana, akajifunza umeme, na ukumbi ukamwajiri kubadilisha taa na kuangalia jenereta. Siku hizo harusi zilipigiwa ngoma na wapigaji kutoka vijijini, na kaseti zilijaza nafasi zilizobaki. Baadaye meneja wa wakati ule alileta kutoka Dar es Salaam mashine ya kupanga midundo, mtumba, yenye vitufe kumi na sita katika mstari mmoja. Hakuna aliyejua inavyofanya kazi. Stefano alijifungia nayo stoo, na alipotoka ilikuwa inapiga.

Kwa wasioijua, kila kitufe ni hatua moja. Unachagua sauti, tuseme ngoma kubwa, unabonyeza hatua unazotaka ilie, na kitaa kinawaka. Unakuja kwenye ngoma ndogo, kisha kayamba, unafanya vivyo hivyo. Noti za besi nazo huwekwa moja moja. Mashine inazipitia hatua zote, inarudi mwanzo, inazipitia tena. Kumtazama Stefano akijenga mdundo ni kama kumtazama bibi akitunga shanga za kiunoni: hana haraka, lakini unajua mwisho wake mtu atapendeza.

Midundo yake mnaijua. Upo wa kuingia maharusi, upo wa kukata keki, upo wa kuwaambia wageni kwa heshima kwamba chakula kimekwisha. Siku moja kwenye mkutano wa wakulima wa korosho alikosea kitufe, na mwenyekiti akapanda jukwaani kwa mdundo wa bibi harusi. Mwenyekiti hakutahayari. Alipunguza mwendo, akapungia mkono kushoto na kulia, na wajumbe wakamtunza.

Lakini mashine ile ilikuwa na watu iliowaumiza. Mmoja wao ni Mzee Hashimu wa Kitaya, kule bondeni Ruvuma, aliyekuwa mpigaji ngoma wa sifa katika ukumbi huu. Ilipokuja mashine, waliacha kumwita. Mzee huyo ndiye mjomba wa mume wangu, Zuberi. (Mume wangu. Bado naliandika neno hili polepole ili nilifaidi.) Ndiye aliyemlea, na kwa Wamakonde harusi bila mjomba ni harusi yenye jeraha. Sisi tulikwisha weka nafasi hapa Nanyanje, na jibu lake lilikuwa fupi.

“Siingii kwenye ukumbi wenye lile boksi,” alisema. “Lilinitoa mlangoni, leo linikaribishe?”

Tungeweza kukodi wapigaji wengine, lakini Zuberi aliutaka mdundo wa mjomba wake, ule aliokua akiusikia uani, na tangu apatwe na kiharusi mkono wa kulia wa mzee haupigi tena. Nililia pale mapokezi ninapofanya kazi, mbele ya wateja. Stefano alipita, akaniuliza jambo moja tu: mjomba hukaa nyumbani siku gani.

Tulikwenda naye mimi na Zuberi, mvua za masika zikiwa zimeigeuza barabara kuwa uji. Stefano aliivalisha mashine mifuko miwili ya plastiki, akaipakata kwenye bodaboda kama mtoto anayepelekwa kliniki. Tulimkuta Mzee Hashimu barazani na mkewe, Mama Rukia.

“Karibu, Mmakua. Umekuja kunizika au kunipigia?”

“Nimekuja kuazima mkono wako, Mzee.”

“Huu umekwisha.”

“Na huo mwingine?”

Mzee aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtu aliyeusahau. Kisha akaanza kugonga kiti.

Stefano alifuata, akiweka hatua moja baada ya nyingine, akatumia vitufe vyote kumi na sita kama alivyozoea. Mama Rukia alisimama kuujaribu mdundo kwa miguu, akapotea, akaketi.

“Mdundo wako una mguu wa ziada,” alisema mzee. “Nyie Wamakua mkipewa ngoma mnaigeuza saa ya ukutani.”

Utani huo wa Wamakonde na Wamakua ulimsaidia. Stefano alisikiliza tena, akatambua kwamba mapigo ya mzee yalikwenda matatu matatu, na kumi na sita haigawanyiki hivyo. Akaiamuru mashine irudi mwanzo baada ya hatua ya kumi na mbili. Vitufe vinne vya mwisho vikabaki gizani.

“Na hivyo?” aliuliza mzee.

“Vimepumzika.”

“Vimewahi kustaafu kuliko wewe.”

Walicheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu karne iliyopita. Kisha wakafanya kazi. Ngoma ndogo ichelewe kidogo, alisema mzee, kama mtu anayeitwa na mkewe. Stefano akaichelewesha. Pigo la tano linong'one, akalipunguza nguvu. Waliendelea hivyo mpaka mabega ya Mama Rukia yakaanza kucheza kabla mwenyewe hajasimama.

“Hashimu,” alisema, “huyo ni wewe.”

Mzee aliinuka kutusindikiza. Alituaga bila kuahidi kuja.

Siku ya harusi ndugu wa Zuberi walisimama nje ya mlango, hawaingii, wanangoja. Nilimshika mume wangu mkono. Bajaji ilipofika na Mzee Hashimu akashuka amevaa koti lake, Stefano aliacha meza yake, akamfuata mlangoni, akampitisha katikati ya wageni hadi kwenye mashine. Akamwonyesha kitufe cha kuanzia, kisha yeye akarudi nyuma. Mzee alikibonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto. Ukoo mzima uliingia ukicheza, na Zuberi wangu, mwanamume mrefu kiasi kile, alilia begani kwangu nikampenda upya.

Uongozi umempa Bwana Stefano mashine hiyo iwe zawadi ya kumuaga. Amekwisha tuambia safari yake ya kwanza ni wapi. Mzee Hashimu ana midundo mingine ambayo hakuna kijana aliyejifunza, na ametuma salamu kwamba chumba cha wageni kimefagiliwa na Mmakua asije na haraka zake za mjini.

Bwana Stefano, Nanyanje inakushukuru kwa kila harusi uliyoipa miguu. Nenda salama Kitaya, ule samaki wa Ruvuma, ulale mchana, utaniwe hadi uchoke. Mungu akupe miaka mirefu yenye afya, na huyo mzee akiwa kando yako, akikukosoa.