Mzee Prawet na Vali ya Saba

Baba yetu, Mzee Prawet Chaloemsuk, alizaliwa tarehe 9 Juni 1949 huko Ko Kha, Lampang, mtoto wa nne wa wafinyanzi. Alisoma shule ya hekalu, kisha chuo cha ufundi Chiang Mai. Huko alifukuzwa kwa kusinzia darasani, akarudishwa wiki ileile kwa sababu boila la chuo, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, liligoma na hakuna mwingine aliyeliweza.

Mwaka 1970 aliajiriwa na kiwanda cha sukari Kanchanaburi. Mwaka 1975 alimwoa mama yetu, marehemu Malai. Kuanzia 1988 alikuwa Pathum Thani, akiwafundisha wataalamu wa nishati kutoka Laos, Bhutan, Zambia na kwingineko namna ya kuzuia mvuke usipotee bure viwandani. Aliwafundisha watu 618. Sisi wanawe tuliwaonea wivu, kwani wao ndio waliomwona mchana.

Mwaka 2004 alikuja Bishnu Tamrakar kutoka Patan, Nepal. Alipopewa bisibisi aguse nayo vali ya bomba la mvuke na kuweka sikio kwenye mpini, alicheka.

"Mwalimu, mimi nina shahada."

"Shahada yako haina sikio. Hebu inama."

Akainama. Akafundishwa kwamba vali nzima hugonga, hutoa maji, kisha hupumzika. Inayopiga mluzi bila kukoma imekufa. Alipoagwa, alimwomba Baba aende Patan kukagua kiwanda chake. Baba alinunua begi jipya. Kila mwaka alisema, "Mwakani." Kisha Mama akaugua, akafariki 2011. Mwaka 2021 mapafu ya Baba mwenyewe yakachoka. Begi likabaki juu ya kabati, naye akilitazama kila asubuhi.

Tarehe 29 Februari mwaka huu, 2024, Bishnu alipiga simu hospitalini, Baba alikolazwa. Alipita kwenye vali za kiwanda chake moja baada ya nyingine, simu ikiwa kwenye mpini wa bisibisi. Baba alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Rudi kwenye ya saba. Hiyo haipumziki."

"Mwalimu, ya saba niliiweka mwezi uliopita. Ni mpya."

"Mpya, ndiyo. Lakini inavuja."

Alitabasamu siku nzima. Alifariki Jumapili tarehe 3 Machi, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Namkumbuka hata sasa ninaposoma maneno haya.

Ameacha watoto wawili, Thanet na mimi, Duangkamon, wajukuu watatu, dada yake, Bunruean, na wanafunzi wake. Bishnu alifika jana. Anasema aliifungua vali ya saba akakuta kipande cha kutu kimeizuia isifunge.

Bisibisi ya Baba hatutaitia jenezani. Baba asingekubali chuma kisumbue tanuru la hekalu, mwili wake utakamochomwa. Tumeiweka ndani ya lile begi, tukampa Bishnu. Kesho litapanda ndege kwenda Patan.

Umefanya kazi, Baba. Sasa pumzika, kama vali nzima.