Maman Mélanie Cibalonza na Vali ya Mlimani

Waheshimiwa mapadri, jamaa, majirani wa Nyawera na ninyi nyote mliopanda kilima hiki kwa miguu, familia imenichagua mimi Josué, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha yake, na inaomba radhi mapema kama sauti yangu itapanda kwa furaha mahali ambapo wengine hulia, kwa kuwa habari za dada huyu hakuna aliyewahi kuzisimulia polepole.

Mélanie Cibalonza alizaliwa Kalehe tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa Papa Aloys Akonkwa, mkulima wa kahawa, na Maman Bintu, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1977 hadi 1983, na katika miaka hiyo aliifungua redio ya baba mara tatu na kuirudisha vizuri mara mbili.

Mwaka 1983 alikuja Bukavu kwa shangazi yetu, hapa Nyawera, akaingia shule ya ufundi, katika darasa la mekanika lenye wasichana wawili tu, na mwaka 1989 akapata diplome yake, ambayo baba aliionyesha hata kwa wateja wa kahawa.

Tarehe 2 Mei 1995 aliajiriwa na coopérative ya maji Mapendo, akapewa ufagio, ndiyo, ufagio, fundi mzima akafagia depo miaka mitatu, huku jicho lake likiwa kwenye chombo kinachoitwa actionneur, yaani lile silinda lenye pistoni mbili za meno, ambalo likipata hewa ya kompresa hufungua vali ya bomba kubwa, na hewa ikikatika resori zake nzito, yaani springi, huifunga vali zenyewe.

Ndoa yake nayo ilitoka humo humo, maana tarehe 11 Agosti 1998 umeme ulikatika, na sisi watu wa Bukavu umeme ukikatika tunaamini kila mashine imekufa, basi chef wa mafundi, Papa Jacques, huyu aliyekaa mbele yenu, akaanza kulegeza kifuniko cha actionneur bila kutoa hewa iliyobaki kwenye tanki na mipira ya kuipitisha, na Mélanie akapiga kelele, “Jacques, courant ilienda, lakini hewa ingali mu ndani, toka apo!”, akamsukuma kwa mpini wa ufagio hadi akaanguka, na kifuniko kikaruka kikabomoa tofali la ukuta, pale pale kilipokuwa kichwa cha mume wake wa kesho.

Kesho yake alipewa spana, na tarehe 18 Desemba 1999 walifunga ndoa Ibanda, Mungu akawajalia watoto watatu, Aimée, Chris na Maombi, na Papa Jacques hajawahi kukanusha kwamba alioa ili awe salama.

Tarehe 9 Januari 2023 actionneur ya bomba la mlimani iliharibika, tukaambiwa mpya itatoka Ulaya, haikutoka, na kwa mwaka mmoja na nusu akina mama wa kule juu walipandisha maji kwa bidon mgongoni, jambo ambalo marehemu hakulivumilia hata kidogo, na ingawa ugonjwa wa figo ulimshika Juni ya mwaka huohuo, aliapa kwamba vali ile itafunguliwa na mikono ya hapa hapa kabla yeye hajafumba macho.

Alikusanya actionneur tatu mbovu, akazipanga kwenye meza tunayolia chakula, akasafisha silinda, akapaka grisi mipira ya kuzuia hewa, na kumwongoza Aimée, ambaye naye ni fundi, kuingiza pistoni, kupanga resori, na kukaza buloni, yaani boliti, kwa kukingamisha, huku sisi wengine tukila uani.

Tarehe 26 Julai 2024, siku ya jaribio, alikuwa kitandani hospitalini, simu sikioni, na kule kituoni Aimée akapandisha hewa kidogo kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye maungio, hapakutoka hata kiputo kimoja, vali ikafunguka, watu wakashangilia, na hewa ilipokatwa ikajifunga, lakini maji yakaendelea kupenya.

Papa Jacques akasema kwenye simu, “Mélanie, tuiache tu hivi, watu iko na kiu,” naye akajibu kwa ukali wa mtu mwenye afya kabisa, “Bomba ikipasuka usiku na vali haifunge yote, ile maji itashusha nyumba za watu mu bonde. Pistoni moja iliruka jino. Muifungue!”

Basi wakaifungua kama alivyotaka, wakafunga hewa, wakatoa yote iliyobaki, wakahakikisha sindano ya kipimo imelala kwenye sifuri, wakachomoa mpira, na Aimée akakataza mtu yeyote kusimama mbele ya kifuniko, akalegeza buloni moja kidogo, kisha nyingine kidogo, kwa zamu, hadi resori zikalegea, na kweli pistoni moja ilikuwa imetangulia kwa jino moja, ndiyo maana vali haikujifunga yote, wakaipanga upya.

Saa mbili baadaye waliijaribu tena, hewa ikaingia, hewa ikakatwa, marehemu akauliza kwenye simu, “Inapenya?”, Aimée akajibu, “Hata tone, maman,” na Maman Mélanie akapiga makofi hadi muuguzi akaja mbio akidhani amezidiwa.

Alifariki tarehe 19 Septemba 2024, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyetaka kujua kila mashine ya wodini inafanyaje kazi, inawashukuru mafundi wenzake wa Mapendo waliokuwa na haraka lakini wakamtii, na inawashukuru kwa namna ya pekee akina mama wa mlimani, walioshuka bila kuitwa kuja kumwogesha, kila mmoja akiwa na bidon mgongoni, na tulipowaambia kwamba hapa Nyawera maji yapo walikataa kuzitua, wakasema haya wameyakinga kwenye robinet, yaani mabomba ya nyumbani kwao, na kwamba ni hayo yatakayomwosha.

Dada yetu, kazi yako imeshika, lala salama.