Kuifunda Betri Mpya

FUNDI: Haloo! Nani huyo? Paza sauti, nina redio tatu zinanguruma hapa mezani!

RUBANI: Ni mimi, baba. Shikamoo.

FUNDI: Mimi nani? Kina mimi wako wengi.

RUBANI: Mimi Rubani. Mchumba wa— [anakohoa] yule wa droni, baba.

FUNDI: Aaa, mkwe mtarajiwa! Marahaba, marahaba. Mbona sauti ya mtu asiyekula? Binti bado yuko kazini, kama ndiye unayemtafuta.

RUBANI: Hapana, baba, nakutafuta wewe. Nilitaka kuulizia zile betri zangu nne nilizoziacha kwako jana, maana kwangu joto—

FUNDI: Betri! Kaa chini kwanza.

RUBANI: Niko njiani, baba, hapa hakuna pa—

FUNDI: Kaa chini nakwambia. Ulizileta mbichi.

RUBANI: Mbichi?

FUNDI: Mbichi kabisa! Betri mpya haifai kitu mpaka ifundwe. Miaka arobaini natengeneza redio. Nani alikudanganya kwamba betri inatolewa kwenye boksi na kupelekwa angani siku hiyo hiyo? Hata bibi harusi hatolewi hivyo.

RUBANI: Niliomba tu uziweke kivulini, baba. Nilisema nitazichaji mwenyewe, na chaja yake—

FUNDI: Kivulini! Niziangalie tu kama mayai? Jungu kuu halikosi ukoko, mwanangu. Nimekufanyia kazi.

RUBANI: Kazi gani, baba?

FUNDI: Ile ya kwanza nimeikamua. Nimechukua taa ya mbele ya gari, nikaiunganisha, waya mwekundu huku, mweusi huku. Imewaka tangu jana jioni mpaka ikazima yenyewe. Sifuri! Hakuna hata tone.

RUBANI: Sifuri.

FUNDI: Betri ni kama tumbo. Lisilojua njaa halijui kushiba.

RUBANI: Loo. [anavuta pumzi] Umehangaika sana, baba.

FUNDI: Kawaida.

RUBANI: Ila hizi za siku hizi, baba... kuna karatasi ndani ya boksi. Wanasema chaji isishuke chini ya robo, ikishuka betri haiamki tena.

FUNDI: Nani wanasema?

RUBANI: Waliozitengeneza.

FUNDI: Karatasi ile nimefungia misumari. Hao wanataka ukanunue nyingine! Au unabisha?

RUBANI: Hapana, baba! Mimi?

FUNDI: Maana yule aliyemposa binti kabla yako alikuwa mbishi wa kutupwa. Nilimwonyesha mlango.

RUBANI: Sibishi kabisa, baba.

FUNDI: Vizuri. Sasa hii ya pili iko kwenye taa hivi tunavyoongea. Mwanga umeanza kuwa mwekundu. Niikate au niiache?

RUBANI: [mkwaruzo wa mtandao] Baba, kwa kweli... kama si usumbufu... ingekuwa—

FUNDI: Sikusikii! Niikate au niiache?

RUBANI: Vile utakavyoona wewe, baba. Wewe ndiye fundi.

FUNDI: Umesikia jibu la mtoto aliyelelewa? Basi naiacha ife kabisa.

RUBANI: Asante, baba.

FUNDI: Mbona unahema? Unapanda mlima?

RUBANI: Hapana. Ni hilo shamba la kesho, baba. Nilikueleza. Wale wa miwa wanataka nilipige picha lote kutoka juu. Betri nne, safari nne. Wakiridhika wananiajiri moja kwa moja.

FUNDI: Nakumbuka vizuri. Na mimi nilisema, kwanza kazi, ndipo mke. Sasa unafikiri nakesha na betri zako kwa faida ya nani?

RUBANI: Yangu, baba. Nashukuru sana.

FUNDI: Naam... ngoja... hiyooo! Imezima! Ya pili tayari. Hongera!

RUBANI: [kimya kirefu]

FUNDI: Haloo? Mtandao huu nao!

RUBANI: Nipo, baba. Nimefurahi tu.

FUNDI: Ya tatu nimeigeuzia njia. Hiyo nimeitia kwenye chaja kubwa, ile ya betri za magari. Masaa manane bila kupumzika, ndiyo sheria. Sasa yametimia sita, na imenona.

RUBANI: Imenona vipi?

FUNDI: Imeumuka. Ilikuja bapa kama daftari, sasa ina kitambi kama changu.

RUBANI: Imevimba?!

FUNDI: Gesi hiyo. Nitaitoboa kidogo kwa msumari ipumue, halafu tunaende—

RUBANI: Baba, samahani, naomba kama inawezekana—

FUNDI: Subiri niibane simu begani. Mama watoto! Ile nyundo yangu umeiweka wapi?

RUBANI: Baba, nilikuwa na wazo dogo tu—

FUNDI: Nimeiona. Eeh, sema wazo lako, huku nalenga.

RUBANI: WEWE MZEE, WEKA MSUMARI CHINI!

FUNDI: [msumari unaanguka sakafuni]

RUBANI: Ukiitoboa inakulipukia usoni! Nyumba itaungua na mama humo ndani! Chomoa chaja ukutani! Umechomoa?

FUNDI: Nimechomoa.

RUBANI: Usiishike kwa mkono. Isukumie kwenye karai kwa ufagio, polepole. Ipeleke uani, kwenye ule mchanga wa ujenzi, uifukie. Mama atoke nje. Haraka!

FUNDI: [karai linakwaruza sakafu, mlango]

RUBANI: Baba?... Baba! Jibu basi!

FUNDI: Nipo. Nimeifukia. Ilianza kufuka moshi pale pale karaini.

RUBANI: Umeungua?

FUNDI: Vinyweleo vya mkono tu. Mama watoto amekaa kwenye ngazi, ananitazama vibaya.

RUBANI: Mungu mkubwa. Baba, niwie radhi. Nimekupigia kelele. Nimekuita—

FUNDI: Umeniita wewe mzee. Nimesikia, na majirani wamesikia. Lakini ngoja. Kwa hiyo ulikuwa unajua? Tangu ile ya kwanza?

RUBANI: Nilijua.

FUNDI: Hata taa ilipokuwa nyekundu, nikakuuliza niikate au niiache?

RUBANI: Ungeikata, pengine ingepona.

FUNDI: Na ukasema asante!

RUBANI: Ulisema yule mbishi ulimwonyesha mlango.

FUNDI: Yule alinibishia habari za mpira! Mpira, bwana! Akisimama mbele ya televisheni yangu!

RUBANI: Sikujua.

FUNDI: Hukuuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa nisikilize. Ya kwanza nimeiua mimi. Ya tatu, mimi. Lakini hiyo ya pili umeiua wewe, kwa adabu zako.

RUBANI: Ni kweli, baba.

FUNDI: Imebaki moja, iko kwenye boksi. Niifanyeje?

RUBANI: Vile utaka— Hapana. Usiifanye kitu. Usiichaji, usiikamue, hata kifuniko usifungue. Nakuja kuichukua jioni hii.

FUNDI: Itatosha shamba zima?

RUBANI: Robo tu. Nitawaambia ukweli kesho. Watanipa siku nyingine, au watampa mtu mwingine.

FUNDI: Wakimpa mwingine, harusi nayo si tutaisogeza mbele?

RUBANI: Baba... hilo la kwanza kazi ndipo mke, mimi sikuliafiki.

FUNDI: Hukuliafiki? Tangu lini?

RUBANI: Tangu siku uliyolisema. Hata binti yako hakuliafiki. Tunataka kufunga ndoa mwezi ujao, kazi iwepo isiwepo.

FUNDI: Miezi saba umekaa hapa sebuleni kwangu unatikisa kichwa!

RUBANI: Nisamehe. Salio linaisha, baba, nita—

FUNDI: Ngoja, usikate! Kuna jambo jingine ulilonikubalia namna hiyo?

RUBANI: Yapo, baba.

FUNDI: Mangapi? Nakupigia mimi! Mama watoto, niletee kiti, huyu kijana ana—

[simu inakatika]