Siku Tatu Mkekani: Maisha ya Devota Kihwele wa Igawa

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Obeid Mwambene, shemeji wa marehemu. Mume wake, hayati Sedekia, alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Familia imenipa kazi ya kuandika na kusoma maisha ya Devota, yaani Mama Tupo, kwa sababu, walisema, katika miaka hii minne ya ujane wake hakuna aliyemfuatilia kama mimi. Ni kweli nilimfuatilia. Naomba mnivumilie, maana sauti yangu leo si ya kuitegemea.

Marehemu Devota Kihwele alizaliwa tarehe 14 Agosti 1972 katika hospitali ya misheni Tosamaganga, mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu mzee Crispin Kihwele na marehemu mama Lea, wa Kalenga, Iringa. Alizaliwa kabla ya miezi yake, mdogo kiasi kwamba alibatizwa siku hiyo hiyo, na shangazi zake wakaanza kulia pale pale nje ya wodi. Alipokuwa mtu mzima aliwatania kila walipokutana, akiwaambia wana deni la machozi, walimlilia bure.

Alisoma shule ya msingi Kalenga kuanzia mwaka 1980 hadi 1986. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, na jambo hilo lilimuuma, ingawa hakulisema sana. Masista wa Tosamaganga walimchukua jikoni, akajifunza upishi na ushonaji kwa miaka miwili. Alitoka pale akiweza kupika wali wa watu mia mbili bila kuuonja. Alifunua sufuria, akanusa mvuke, akasema "chumvi bado," na kweli ilikuwa bado.

Mwaka 1995 alikuwa Mafinga, akimsaidia dada yake kwenye mgahawa wa stendi. Kaka yangu wakati huo aliendesha Fuso la mchele kutoka Ubaruku kwenda Dar es Salaam. Aliingia pale, akala, kisha akalalamika kwamba wali ni mgumu. Devota akamjibu mbele ya wateja, "Mchele wenyewe si ndio huo mnaoleta ninyi?" Wiki iliyofuata Sedekia alishusha gunia zima la mchele mpya mlangoni, akaondoka bila kula. Baada ya mazungumzo marefu ya wazee, kwa kuwa binti ni Mkatoliki na kijana ni Mmoravian, na sisi Wanyakyusa tuna maneno mengi kama mnavyojua, walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1996. Walihamia hapa Igawa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Tupokigwe, Ezekia na Happy.

Mwaka 1999 marehemu alifungua mgahawa wake kando ya barabara kuu. Madereva wa malori ya Tunduma, Zambia na Kongo walimjua kwa jina la Mama Tupo. Walipiga honi tangu mlimani ili wakute wameshapakuliwa. Kwa miaka ishirini mgahawa ule haukufungwa hata Krismasi.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Mnakumbuka wenyewe Machi 2020. Shule zilifungwa, watoto wakarudi nyumbani. Kila mlango uliwekewa ndoo ya maji na sabuni, na watu wakasalimiana kwa viwiko na miguu. Mipaka ilipofungwa malori yalisimama foleni Tunduma, na yale yaliyopita hapa yalipita bila kusimama. Ubaruku mchele ulilala kwenye mashine kwa kukosa wanunuzi. Limao na tangawizi ndivyo vilivyopanda bei. Majirani walimfuata marehemu, wakamwambia awafukuze madereva, maana wao ndio wanaotuletea. Alikataa. Alisema mtu mwenye njaa hafukuzwi. Kati ya wasichana watatu waliokuwa wanamsaidia akabaki mmoja, lakini nyuma ya mgahawa alitenga jiko la nyungu, na madereva wakajifukiza majani ya mikaratusi bure. Dereva mmoja wa Lubumbashi alilala usingizi mle mle ndani ya blanketi, wenzake wakadhani amekufa, wakakimbia hadi kwenye malori. Tulicheka sana siku ile. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kuhusu jambo hilo.

Mwaka uliofuata watu walikuwa wamechoka kuogopa, na ugonjwa ukarudi. Haukutajwa jina. Tulisema changamoto ya upumuaji, au nimonia. Kaka yangu aliishiwa nguvu barabarani akitoka Dar es Salaam, akafika kwangu Ipogolo, Iringa, usiku wa Jumatano tarehe 17 Februari 2021. Kesho yake nilimpeleka hospitali, akawekewa oksijeni. Ijumaa tarehe 19, saa nne asubuhi, nilimpigia marehemu simu.

Nilimwambia, "Shemeji, kaka hali yake siyo nzuri. Njoo. Ujikaze."

Akasema, "Obeid, niambie ukweli."

Nikasema, "Wewe njoo tu." Kisha simu ikazimika.

Huku kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Mtu akishafariki tunasema amezidiwa, njoo, ili aliyeko mbali asianguke njiani. Hakuna mtu mzima hapa ambaye hajawahi kupokea simu hiyo, na wote tunajua maana yake kabla haijakatwa. Marehemu alipiga tena, akaambiwa simu haipatikani. Akapiga tena na tena. Saa tano alikaa chini, akavua hereni, akaanza kulia, na majirani wakaja wakatoa makochi sebuleni.

Jirani yake Ruwaida, muuza vitenge, ambaye yupo hapa leo, alimwambia, "Mwenzangu, panda gari uende. Awe mgonjwa, awe maiti, si kote ni huko huko Iringa?" Wazee wetu wakamkatalia. Mjane haondoki mkekani kwenda kufuata maiti, wanaume wa ukoo ndio huenda. Marehemu alitii. Alikaa mkekani Ijumaa nzima na Jumamosi nzima. Wanaume nao walichelewa, kwa sababu kila aliyeombwa gari alikataa kubeba maiti ya ugonjwa ule. Jumamosi fundi alimaliza sanduku. Jumapili asubuhi ndugu yetu Alinanuswe na wenzake wawili walipata pikapu, wakalipakia sanduku, wakaenda.

Walifika Iringa saa sita mchana, wakaenda moja kwa moja chumba cha maiti. Mhudumu aliangalia daftari mara mbili. Akawaambia mtu huyo hayumo humu, nendeni wodini. Wakaenda. Sedekia alikuwa ameketi kitandani, barakoa ya oksijeni usoni, macho mlangoni. Aliwaona wanaume watatu wa ukoo wake wamesimama pamoja, na dirishani aliona pikapu. Aliishusha barakoa, akasema, "Mmenifuata na sanduku?" Alinanuswe akaenda kushusha pazia la dirisha. Kaka akauliza, "Mama Tupo mmemwacha wapi?"

Simu ilipigwa kwa Ruwaida. Wanasema marehemu alinyanyuka mkekani, akapita katikati ya waombolezaji bila viatu, hadi barabarani. Lori la kwanza lilisimama, dereva alikuwa amekula kwake mara nyingi. Mama Tupo alifika hospitali saa kumi na moja na nusu jioni. Kaka yangu alifariki saa kumi kasorobo. Mkewe alikuta kitanda kimeshatandikwa.

Alirudi hapa na mwili, na msiba ukaanza upya, ila watu walikuwa wameshalia. Vyakula vilikuwa vimeliwa. Waliokuja Jumanne tarehe 23 kuzika walikuwa wachache, tena walisimama mbali. Yeye hakulia. Alisimama muda wote, na tangu siku ile hakukaa tena kwenye mkeka wa msiba wowote. Alikwenda, alipika, lakini alisimama.

Mtu akimpigia simu ya habari za ugonjwa, hakumpa nafasi ya kuzunguka. Aliuliza, "Anapumua au hapumui?" Watoto wa Igawa waliigeuza utani. Lakini nawajua watu wanne hapa waliowahi kuwakuta wazazi wao wakiwa hai kwa sababu Mama Tupo aliwasukuma wapande gari saa ile ile. Malori yalirudi, naye akafungua mgahawa tena. Ruwaida ananiambia kuwa mara nyingine, mchana kweupe, marehemu aliacha mwiko, akatoka hadi barabarani, akasimama akitazama upande wa Makambako. Alipoulizwa alisema ameitwa. Alisema sauti ilikuwa inauliza yuko wapi.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, na baadaye moyo ukapanuka. Alitibiwa Mbeya, akawa anapata nafuu na kurudi kazini. Mwezi Mei mwaka huu miguu ilivimba, akaomba arudishwe nyumbani. Jumapili tarehe 8 Juni 2025 Tupokigwe alinipigia, akasema, "Baba mdogo, Mama anapumua, lakini hataendelea sana. Njoo." Nilifika Jumatatu mchana. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni, saa tatu asubuhi, akiwa na wanawe wote watatu.

Wasifu niliompa Tupokigwe ausome kwanza uliishia hapo, na orodha ya wafiwa. Nakala hii mliyoishika mikononi niliipeleka mwenyewe steshenari leo asubuhi. Naona wengine mmeshasoma mbele kuliko sauti yangu, na mnanitazama. Nawaomba mniache nimalize.

Nimesema simu ilizimika. Haikuzimika, niliizima. Ijumaa ile asubuhi vitanda viwili karibu na kaka yangu vilifunikwa shuka, kimoja baada ya kingine, nikiwa nimesimama. Muuguzi akauliza nani atabaki na mgonjwa huyu, akaandika namba yangu. Nikamwambia kaka, nakwenda kununua maji. Akaninyooshea mkono kunikubalia. Nje ya geti nilimpigia shemeji, nikamwambia maneno yale mliyoyasikia, na nikijua kabisa jinsi yatakavyosikika, nikazima simu, nikaenda shambani kwangu Ilula, nikajifungia siku tatu. Niliogopa kufa. Sina sababu nyingine.

Nilipowasha simu Jumapili jioni, ujumbe uliingia mfululizo. Muuguzi alikuwa amepiga mara kumi na moja. Shemeji alikuwa amepiga mara ishirini na tatu. Na ujumbe mmoja wa muuguzi ulisema, "Mgonjwa wako anauliza kama mke wake yuko njiani." Niliusoma, na kaka alikuwa ameshafariki. Mazishini niliwaambia chaji iliisha na umeme ulikatika. Mkaniamini. Mzee mmoja alisimama akanishukuru mbele ya watu kwa kumuuguza ndugu yangu hadi mwisho, nami nikainamisha kichwa.

Ndiyo maana nilimfuatilia mjane wake. Nilileta mbolea, nilimsomesha Happy, nilipaua mgahawa upya. Mkasema shemeji wa namna hii hawapo siku hizi.

Jumatatu hii, Tupokigwe alipotoka kuchota maji, marehemu alinishika mkono. Akasema, "Shemeji, siku ile simu yako iliisha chaji, eti?"

Nilijua anachoniomba. Kwa namna yake alikuwa anauliza lile lile alilokuwa akiwauliza watu wote, anapumua au hapumui, na alitaka jibu la wazi kama alivyowazoesha wote. Nikasema, "Iliisha, Mama Tupo. Umeme ulikatika."

Akafumba macho. "Basi ni mimi," akasema. "Ningenyanyuka tu, ningemkuta."

Alikwenda na maneno hayo, na nilikuwa na usiku mzima wa kumfuata kitandani kumwambia, sikwenda.

Tupokigwe, Ezekia, Happy, mama yenu hakumwacha baba yenu. Nilimwacha mimi. Wazee wa ukoo wakiamua nisishike udongo leo, nitasimama kule barabarani na sitauliza.

Marehemu ameacha watoto watatu, mjukuu mmoja, dada wawili na kaka mmoja walioko Kalenga, rafiki yake Ruwaida, na shemeji mmoja.

Mungu ampe Devota pumziko ambalo mimi nilimnyima.