Nukta Tatu Chini ya Kabureta

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo sitawachekesha sana, ingawa tunayemkumbuka alikuwa mcheshi kuliko mimi. Tunamkumbuka fundi wa magari ya michezo ya zamani, yale ya milango miwili, ya chini chini, ambayo ukipanda unadhani umekaa barabarani. Ninyi mlimwita Pekupeku. Aliuawa wiki iliyopita, mchana kweupe, katika soko la vipuri. Aliuawa kwa kupigwa. Neno hilo nitalirudia, na atakayechoka kulisikia avumilie.

Jina la Pekupeku lilitokana na kazi. Ukimletea gari linalosumbua, hakukimbilia kufungua boneti. Alivua viatu, akakaa kiti cha abiria, akabandika nyayo sakafuni, akafumba macho. "Haya, endesha. Na usinisimulie." Mlizunguka mitaa, na mliporudi alikuwa ameshaujua ugonjwa. Miguu ilikuwa imemwambia.

Hasira alikuwa nazo, tusifichane. Bwana mmoja alimletea pampu ya petroli mpya, inang'aa, kumbe ya bandia. Pekupeku aliiweka juu ya fuawe, akaiponda kwa nyundo mbele ya mwenyewe mpaka ikawa bapa. Kisha akamkabidhi kwa mikono miwili. "Sasa hiki ni chuma halali, mzee. Angalau kitazuia mlango." Mjane wake anaikumbuka siku hiyo. Anasema, "Nilimwambia, baba watoto, hasira zitakuponza. Akanijibu, hasira zangu ni za vyuma, mke wangu, watu nawasamehe."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Kila kipuri alichokitengeneza kwa mkono wake, alikigonga nukta tatu. Nukta tatu ndogo, upande wa chini, mahali ambapo hakuna anayepatazama. "Kikiharibika nijue ni changu," alikuwa akisema, "nisije nikamtukana fundi mwingine bure."

Mteja aliyempenda kuliko wote alikuwa mkunga mstaafu. Bibi huyu aliachiwa gari jeupe na marehemu mumewe, na gari hilo lilikohoa kila likikata kona ya kushoto. Mafundi wengine walibadilisha plagi, likakohoa. Wakabadilisha waya, likakohoa. Pekupeku alivua viatu. Hawajafika mbali akasema, "Boya la ndani ya kabureta linakwama." Kabureta ya gari lile, hicho kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, haitengenezwi tena popote. Akahangaika mpaka akapata mbili mbovu, akazifanya moja nzima. Akaigonga nukta tatu, kama vipuri vingine alivyokwisha kulitengenezea gari lile.

Mdogo wake Pekupeku ndiye aliyempelekea bibi gari lake. Kesho yake, kwenye makutano ya barabara, watu walimburuta mkunga kutoka kwenye usukani wakampiga kwa nondo. Mwanamke aliyepokea watoto wa mtaa mzima alikufa kwenye lami, na gari likatoweka. Polisi wakamkamata huyo mdogo mtu. Yeye ndiye aliyelipeleka gari, walisema, lazima ndiye aliyewaelekeza wezi. Huko rumande alipigwa mpaka sikio moja likaziba.

Pekupeku alijua jambo moja. Gari kama lile huwezi kuliuza zima, kila mtu analifahamu. Litachinjwa, liuzwe vipande vipande. Na atakayekutwa na kabureta ile, yenye nukta tatu, ndiye atakayewataja wauaji. Bila hivyo, mdogo wake angeozea gerezani. Basi akaanza kuzunguka soko la vipuri, banda kwa banda, akiulizia kabureta ya gari la namna ile, akijifanya ana mteja anayeisaka kwa udi na uvumba.

Wiki iliyopita muuzaji mmoja akamtolea moja, imeviringishwa kwenye tambara.

Hapa, wapendwa wangu, ndipo mkono ulipomponza. Mnunuzi yeyote wa kabureta huchungulia kooni mwake, aone kama imelika. Pekupeku aliigeuza. Aliigeuza chini kwanza, kwa mazoea ya miaka yote ile, mbele ya macho ya muuzaji. Nukta tatu. Na muuzaji si mtoto, alielewa ni fundi gani anayetazama hapo.

Akapaza sauti. "Mwizi! Mwizi! Anakimbia na kabureta yangu!"

Pekupeku hakuwa anakimbia. Alikuwa amesimama, kaishika kabureta kifuani. Soko likamjia na spana, na minyororo, na vipande vya shafti. Hakuna aliyeuliza. Alipiga kelele, "Igeuzeni! Igeuzeni muone chini!" Wakamvunja taya, maneno yakaisha. Akajikunja juu ya kabureta. Wakamkanyaga vidole ili aiachie, hakuiachia. Walimpiga hata baada ya kuacha kujitikisa. Mtu mmoja alimvua viatu, akaondoka navyo.

Rafiki yake, fundi wa kukereza vyuma, alifika anahema. Aliniambia hivi: "Nilimkuta kaikumbatia. Nikaitoa, nikaigeuza, nikawaonyesha nukta. Nikawaambia, huyu ndiye aliyeitengeneza, wanyama nyie. Kila mtu akawa anatazama pembeni, na spana bado iko mkononi."

Muuzaji alikamatwa akiruka uzio. Amewataja wenzake. Nyuma ya banda lake limekutwa gari jeupe, limekatwa vipande. Mdogo mtu aliachiwa siku ya maziko, akafika makaburini na nguo alizotoka nazo rumande. Nilimpa mkono. Akaniambia, "Kaka ndiye aliyenitoa. Na mimi kule ndani nilikuwa namlaani kwamba haji kuniona."

Kwa mjane, kwa watoto, kwa mdogo wa marehemu, na kwa familia ya yule mkunga wetu: poleni. Poleni sana. Ningekuwa na maneno makubwa zaidi ningewapa, lakini leo nina hasira tu.

Wasikilizaji wapendwa, mdogo wa marehemu anaviunga upya vipande vya gari la mkunga. Vingine bado viko kwenu, mabandani. Geuzeni vyuma vyenu. Mkiona nukta tatu, vipelekeni gereji, hakuna atakayewahoji. Na tukimaliza kugeuza vyuma, tujiulize ni nini kilitushinda kugeuza kabureta moja, mtu alipokuwa anatuomba.

Na wewe uliyekuwepo, unayenisikiliza sasa hivi huku unafunga nati, najua upo. Mjane amenituma kwako. Nimemuuliza mara mbili kama kweli niyaseme haya hewani, akasema niyaseme. "Mwambie aliyechukua viatu avirudishe. Sitamuuliza jina. Mume wangu hakuwa mtu wa viatu. Siku ile alivivaa kwa kuwa nilimwambia, huko sokoni kuna vyuma vingi chini, utaumia."